Desimali za Darasa la Tano

Kundi la WhatsApp la wazazi wa mtaani kwetu Kihonda, hapa Morogoro, lilichafuka mwezi uliopita kwa sababu ya swali la kemia. Baba mmoja alipiga picha daftari la binti yake wa kidato cha tatu akaitupia humo. Jibu lilikuwa limenyooka, hatua zote zipo, vipimo vyote mahali pake. Tatizo, alisema baba, ni kwamba alipomuuliza mtoto mole ni kitu gani, mtoto alikodoa macho. Jibu lilitoka kwenye simu, kwa hizi programu za akili mnemba. Basi majibizano yakaanza. Wako waliotaka simu zifungiwe kabatini mpaka likizo. Wako waliosema kelele za nini, mbona sisi tulikuwa tunadesa kwa wenzetu alfajiri ya Jumatatu? Mwalimu mmoja mstaafu aliandika kwa herufi kubwa tupu kwamba kizazi hiki kimekwisha.

Mimi sikuandika neno. Ila daftari la namna ile nalijua vizuri, na nilianza kulijua kabla nchi hii haijaona simu ya mkononi, kwa sababu la kwanza kuliona lilikuwa langu.

Nilikuwa kidato cha pili, Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kaka yangu alikuwa kidato cha sita na fizikia ilikuwa mchezo wake. Akiwa likizo, nilimpelekea kila lililonishinda, naye alikuwa na moyo wa kusaidia; tabu yake ni kwamba akishika kalamu hasimami. Siku moja swali lilikuwa la rezista mbili zilizoungwa sambamba, moja ya omu 3, nyingine ya omu 6. Akaandika, akakata, akapata omu 2. Nikamuuliza, inakuwaje 3 na 6 zizae 2, ndogo kuliko zote mbili? Akasema, "Ndiyo fomula hiyo." Mwalimu alitia vema na kuandika "Vizuri sana" kwa wino mwekundu, na mimi nikaendelea na maisha. Jibu la swali langu nililipata nikiwa mtu mzima, nimeajiriwa fundi wa maabara, siku niliyounga rezista ya pili ubavuni mwa ya kwanza na kuona mshale wa ameta ukipanda badala ya kushuka. Kumbe nilikuwa nimeuongezea mkondo njia ya kupitia. Kitu cha kuonyeshwa kwa dakika tano kilinisubiri miaka.

Simlaumu kaka. Lakini nikikumbuka lile daftari naona kwamba msaada wa haraka hufuta alama za mahali mtoto alipokwama. Mwalimu akipita hazioni, mzazi hazioni, na baada ya muda mtoto mwenyewe anasahau kwamba aliwahi kukwama pale.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, na wanaoyakumbuka watakumbuka pia ule mshtuko: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Serikali iliunda tume, na baadaye matokeo yakapangwa upya. Kwetu mshtuko ulifika kwa simu. Dada yangu wa Muheza alipiga kabla wiki haijaisha. Binti yake alikuwa ameingia kidato cha tatu katika mchepuo wa sayansi, na katika shule yao sifuri zilikuwa zimemwagika. "Mdogo wangu," aliniambia, "wewe ndiwe mwenye maabara. Mchukue mtoto." Nikamwambia maabara ni ya mwajiri, mtoto nitamchukua. Akahamia kwangu, akapata nafasi katika shule ya kata jirani.

Shule zile zilijengwa kwa wingi kuanzia 2004, wananchi wakichangia matofali na nguvu, na mimi sijawahi kuungana na wanaozibeza. Watoto wengi wasingeona kidato cha kwanza bila hizo. Lakini maabara hazikwenda sambamba na madarasa. Ndiyo maana baadaye Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata ijenge maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na michango ikaanza kupitishwa tena nyumba kwa nyumba. Binti wa dada alikuwa amesoma kemia miaka miwili na bureti alikuwa ameiona kwa chaki, ubaoni.

Homuweki ya kwanza aliyoniletea ilikuwa hii: sentimeta za ujazo 25 za myeyusho wa sodiamu hidroksaidi wenye molari 0.1 zimemalizwa nguvu na sentimeta za ujazo 20 za asidi hidrokloriki. Tafuta molari ya asidi. Alikuwa ameshaifanya. Amepata 0.125, ambalo ndilo jibu. Alitaka niitazame tu.

Nikafunga daftari nikamuuliza: katika hizo mbili, ipi imekolea zaidi, asidi au besi?

Kimya. Kisha akauliza, "Mamdogo, nifungue daftari?"

Nilirudi nyuma hatua moja. Mole ni nini? Hapo aliteremka kwa Kiingereza kama anayesoma dua, bila kuvuta pumzi, mpaka kwenye 6.02 × 10²³. Ufasaha wote ule, na ndani hamna kitu. Kesho yake jioni nikampeleka duka la vifaa vya ujenzi. Misumari huuzwa kwa kilo, hakuna anayeihesabu. Nikamuuliza, kilo ya inchi tatu na kilo ya inchi nne, wapi misumari ni mingi? Akacheka: inchi tatu, kwani si midogo? Sasa fundi akitaka idadi sawa ya kila aina, na muuza duka hana muda wa kuhesabu, watafanyaje? Aliwaza huku muuza duka akitutazama kwa mashaka. "Inchi nne apime uzito zaidi." Basi ndivyo, nikamwambia, gramu 40 za sodiamu hidroksaidi na gramu 36.5 za hidrojeni kloraidi zinavyokuwa na idadi moja ya chembe. Mkemia naye hana muda wa kuhesabu, na chembe zake hazihesabiki. Anapima. Alirudi nyumbani akiwa mchangamfu, nami nikadhani tumevuka.

Usiku ule hesabu zikafa palepale. Alielewa habari yote ya chembe, lakini akifika kwenye namba anapotea, na kila akipotea anaikimbilia fomula. Nikaanza kuuliza maswali madogo, kila moja dogo kuliko lililopita, mpaka nikaandika kwenye karatasi 0.4 na 0.125 nikamuuliza ipi kubwa.

Akanyooshea kidole 0.125. Kwa nini? "Ina tarakimu nyingi, mamdogo. Mia moja ishirini na tano si kubwa kuliko nne?"

Nilinyamaza kwa muda. Mtoto alikuwa amebeba kosa hilo kutoka darasa la tano. Mwaka ule, alinieleza baadaye, mwalimu wao wa hisabati alihamishwa wakakaa muda mrefu bila mwingine, na mwingine alipokuja akaanzia pale ambapo silabasi ilitakiwa iwe imefika. Kuanzia hapo alijua kwamba desimali ni mahali pa hatari, akawa anazizunguka. Alifaulu darasa la saba akizizunguka. Alipita kidato cha pili akizizunguka. Sasa kemia ndiyo iliyokuwa inatukanwa, kwamba ngumu, kwamba haifai kwa watoto wa kike, kwamba walimu hawajui kufundisha, ilhali kemia yenyewe haikuwa imemfikia.

Tangu hapo nimewasaidia vijana kadhaa wa ndugu na majirani, na sikumbuki hata mmoja aliyekwama pale daftari linaposema amekwama. Swali la kidato cha tatu huwa linaangukia kwenye shimo la zamani, na anayesaidia asipokuwa na subira ya kushuka mpaka chini atakuwa anafukia hewa.

Kulirekebisha kosa la desimali hakukuwa kazi kubwa. Nilichukua futi ya fundi cherehani tukapima: 0.4 ya mita ni sentimeta 40, 0.125 ya mita ni sentimeta 12 na nusu. Akaiona kwa macho. Kazi ilikuwa aibu. Msichana wa miaka kumi na sita, ameanza kuitwa "daktari" na shangazi zake, anafanya hesabu za wadogo zake. Aliweka kiti nyuma ya mlango ili watoto wangu wasiingie ghafla. Nikamnunulia daftari la peke yake, tukalifunika kwa karatasi ya kalenda ya zamani, halikuandikwa jina, darasa wala somo. Mpaka leo nadhani lile jalada lilisaidia kuliko maelezo yangu. Mtoto mdogo asipojua anauliza. Kijana asipojua anaficha, na anaficha kwa ustadi, kwa mwandiko mzuri na kwa kujitolea kufuta ubao. Anayetaka kumsaidia lazima kwanza amhakikishie kwamba siri haitatoka chumbani.

Dada yangu hakupendezwa. Alipiga simu akitaka kujua tumefika wapi, mtoto akamwambia ukweli. "Yuko kidato cha tatu unamfundisha desimali? Mtihani wa muhula ni wiki ijayo!" Nami nikiri alikuwa na hoja. Mtihani hausubiri mtu ashuke mpaka chini na kupanda tena. Wiki ile nilimwacha akariri fomula, akariri na hatua za kuandika, na sioni aibu kuisema. Watu wa mijadala ya elimu wanapenda kutukana kukariri. Mimi sijamwona aliyeanza kuzielewa valensi kabla ya kuzikariri. Nilichofanya ni kutenganisha. Jumatatu hadi Alhamisi tunajibu kinachotakiwa kesho. Ijumaa na Jumamosi tunafungua daftari la kalenda.

Katika Jumamosi mojawapo tulipika choya. Nilitaka aone kiashiria kinavyofanya kazi, maana methili oranji alikuwa ameikariri tu, rangi ya asidi na rangi ya besi. Tukachemsha choya iliyokauka, tukaichuja, tukaigawa kwenye glasi. Ya kwanza tukakamulia limao: wekundu ukang'aa. Ya pili tukatia magadi yaliyoyeyushwa, yaleyale ya kulainishia maharage: ikageuka zambarau, kisha ikaelekea kijani, rangi mbaya isiyotamanika kunywewa. Akachukua limao akakamulia kwenye ile ya kijani kabla sijamwambia lolote. Povu likapanda, likamwagika mezani, na wekundu ukarudi. "Na hayo mapovu?" Nikamwambia hilo lipo kwenye kitabu chake, sura ya kabonati, akalitafute. Alilipata, akarudi kunieleza kaboni dioksaidi kana kwamba mimi ndiye nisiyeijua.

Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwa ameona miaka yote kwamba chai ya rangi ikitiwa limao inapauka. Je, chai nayo ni kiashiria? Tukajaribu. Kwa limao ilipauka, kwa magadi ikawa nyeusi kama kahawa. Alifurahi mno. Jumatatu akaenda akauliza darasani, akarudi akiwa mdogo. Aliambiwa pale wako kwenye silabasi, hawako jikoni, na darasa likacheka. Darasa la watoto karibu themanini, kipindi cha dakika arobaini, mwalimu mmoja. Naelewa jibu lile linakotoka. Lakini hakuuliza tena kwa muda mrefu.

Ilinibidi nimsimulie habari ya Erasto Mpemba. Sisi tuliokulia Tanga tuliisikia mapema, kwa kuwa ilianzia juu kule Lushoto, katika shule ya Magamba, mwaka 1963. Mpemba naye alikuwa kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa na sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa inagombaniwa, yeye akaona asisubiri, akaingiza maziwa yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia baridi. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokwenda shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ile inayotambuliwa na dunia, na wenzake wakaishika ile kejeli wakaitumia kila alipokosea hesabu.

Kisha Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, akaitembelea shule. Mpemba akasimama akamuuliza yeye pia. Osborne hakuwa na jibu. Alirudi chuoni akamwambia fundi wa maabara ajaribu jambo lile. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, kwa kuwa ni habari ya watu wa kazi yangu: fundi alileta taarifa kwamba ni kweli, ya moto imeganda kwanza, ila wasiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi. Mwaka 1969 Osborne na Mpemba walichapisha makala katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia, majina yao yote mawili yakiwa juu. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo lenyewe ni la kweli siku zote, katika hali gani, na kwa sababu ipi. Mtoto wa dada aliposikia kwamba bado wanabishana aliona ajabu. Alidhani yaliyo kwenye vitabu yamekwisha.

Mwaka huohuo binti wa dada alipohamia kwangu, kijana wa nyumba ya pili naye alianza kuja. Huyu hakuwa na desimali za kuficha. Alikuwa mwepesi wa hesabu kwa sababu mchana baada ya shule alishinda kwa fundi baiskeli, akirudisha chenji. Alikuwa amefeli jaribio la mashine sahili. Mzigo wa nyutoni 200 unainuliwa kwa nguvu ya nyutoni 125 kwa kapi zenye uwiano wa mwendo 2, tafuta ufanisi. Ameacha karatasi nyeupe. Nilimsomea swali kwa Kiswahili akalifanya akiwa amesimama: 200 kwa 125 ni 1.6, gawanya kwa 2, asilimia 80. Nikamuuliza, na ile 20 iliyobaki imekwenda wapi? Akanitazama kama ananihurumia. "Msuguano, mama. Mnyororo ukikauka grisi, unakanyaga pedali mpaka unachoka na baiskeli haiendi. Nguvu inaliwa njiani." Kisha akanieleza kwamba giya ya mbele yenye meno 48 ikivuta ya nyuma yenye meno 16, pedali ikizunguka mara moja tairi linazunguka mara tatu, na kwamba ndiyo maana mlimani unachoka.

Sikuwa na fizikia ya kumfundisha huyo. Kazi ilikuwa kumwonyesha kwamba anachokijua kwa fundi na kinachoulizwa darasani ni kitu kimoja, na kumzoeza Kiingereza cha maswali, ambacho ndicho kilichomziba. Tulichukua mitihani iliyopita tukawa tunasoma maswali tu, bila kuyajibu. Anasoma, anafunga karatasi, ananiambia kwa Kiswahili anaulizwa nini. Wazazi wanalipa twisheni ya fizikia kwa watoto ambao wangehitaji kazi hiyo tu, na twisheni yenyewe inafundishwa kwa Kiingereza kilekile kilichowashinda asubuhi.

Wote wawili walimaliza. Kijana alikwenda chuo cha ufundi. Binti wa dada alipata C ya kemia, hakuwa daktari, shangazi zake wakasikitika kidogo. Leo ni mhasibu, anashinda na desimali kutwa nzima, na ananitania kwamba anastahili kunilipa asilimia.

Nirudi kwenye ile picha ya WhatsApp. Baba wa yule binti aligundua kazi niliyokuwa nikifanya kabla ya kustaafu, akamleta Jumamosi, na simu yake mkononi kama kielelezo cha kesi. Nilianza na 0.4 na 0.125 kwa mazoea. Akajibu bila kusita, sawasawa. Ilinichukua muda kupata alipokwama: alikuwa hatofautishi ile 2 ndogo inayokaa chini katika H₂O na 2 kubwa inayoandikwa mbele. Kwake zote zilikuwa mbili tu, basi akikuta 2H₂O anahesabu hidrojeni mbili. Milinganyo yote ya kemia ilikuwa imeharibikia hapo, tangu kidato cha pili, na simu ilikuwa inaisawazisha kwa niaba yake kila usiku bila kumuuliza chochote.

Simu hatukuifungia kabatini. Nilimwambia aiagize imtengenezee jibu la swali la mole, hatua zote, ila ifiche kosa moja humo ndani asiambiwe liko wapi. Kazi yake ni kulitafuta na kunieleza kwa Kiswahili kwa nini ni kosa. Mara ya kwanza alikaa nalo nusu saa, akachoka, akaomba lingine. Sasa anajitungia sheria: makosa mawili, au kosa moja kwenye vipimo tu. Juzi programu ilisema imeficha kosa moja, yeye akapata mawili, tukakagua sote watatu na baba yake, na ni kweli yalikuwa mawili. Mama yake ndiye anayelalamika. Anasema bando la wiki linaisha Jumatano.